Nina PCOS na tunatafuta mtoto: nipunguze uzito kwanza, au nianze dawa ya kupevusha yai?

#1 Subira Njema

Habari zenu wadau. Nimevuka miaka 33, nimeolewa, na tunatafuta mtoto kwa muda ambao sasa umeanza kuniondolea usingizi. Hedhi yangu hukaa miezi miwili, wakati mwingine mitatu, ndipo ionekane. Nina chunusi za ukubwani na nywele ngumu kidevuni ambazo nimekuwa nikizing'oa tangu usichana. Na picha ya ultrasaundi ilionesha ovari zote mbili zimejaa vifuko vidogo vilivyojipanga pembezoni kama shanga zilizotungwa. Daktari wa kwanza aliitazama picha hiyo, akaandika PCOS, yaani hali ya homoni inayofanya yai lisipevuke kwa mpangilio, akapiga mstari chini yake, kisha akaniambia nipunguze sehemu ya kumi ya uzito wangu na nirudi baada ya nusu mwaka, kwa sababu hampi dawa ya kupevusha yai mtu mwenye uzito kama wangu. Daktari wa pili alisema kwamba kusubiri ni kupoteza muda na kwamba yeye angeanza na letrozoli, kidonge cha kupevusha yai, mwezi huu huu. Wote wawili ni wataalamu, na wote walizungumza kwa uhakika. Nyumbani nina vijiti vya kupima siku za yai, navyo vinanionesha mistari miwili iliyokoza karibu kila ninapopima, kwa hiyo hata sijui kama yai linatoka au halitoki. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: uzito kwanza, au dawa kwanza?

#2 Mwana wa Nuru

Pole sana dada. Mimi nasimama na daktari wako wa kwanza, na nitakueleza sababu. Wengi wetu wenye hali hii miili yetu haiisikii insulini vizuri, hivyo kongosho huimwaga kwa wingi zaidi ili sukari iingie kwenye seli. Insulini hiyo iliyozidi inapofika kwenye ovari huichochea itengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na homoni hizo ndizo zinazofanya vifuko vya mayai vianze kukua halafu vikwame kabla kimoja hakijakomaa na kupasuka. Ukipunguza hata asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito, insulini hushuka na mnyororo wote hulegea. Kwangu ilikuwa hivyo: sikufikia uzito ambao chati za hospitali zinautaka, wala sikuukaribia, lakini nilipopungua kidogo hedhi ilianza kuja yenyewe, na mtoto wangu wa kwanza alitungwa bila kidonge chochote cha kupevusha yai.

#3 Kitabu Wazi

Nampongeza Mwana wa Nuru kwa mtoto, lakini kilichomtokea yeye hakipaswi kuwa amri kwa kila mtu. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wanawake 577 wenye uzito mkubwa waliokuwa wakitafuta ujauzito bila mafanikio. Nusu yao walipewa kwanza mpango wa miezi sita wa chakula na mazoezi, ndipo watibiwe, na nusu nyingine walianza matibabu moja kwa moja. Baada ya miezi 24, waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mwenye afya, mimba ikiwa imetimia, walikuwa asilimia 27.1 katika kundi la kupunguza uzito kwanza na asilimia 35.2 katika kundi lililotibiwa bila kusubiri. Mleta uzi amevuka miaka 33. Hatuwezi kumwambia asubiri kana kwamba kusubiri hakuna gharama yoyote.

#4 Mkunga Mstaafu

Salaam nyote. Kitabu Wazi, takwimu zako ni sahihi, ila wasomaji wajue kwamba utafiti huo ulichukua wanawake wenye uzito mkubwa na matatizo ya uzazi ya aina mbalimbali, si wenye PCOS peke yao, kwa hiyo hauwezi kuufunga mjadala huu.

Mimi nina wasiwasi na jambo lililotangulia swali lenyewe. Mdogo wangu Subira, umesema daktari alitazama picha akaandika PCOS. Kwa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, ambavyo kwa sehemu kubwa ndivyo vinavyotumika hadi leo, mtu huhitaji mambo mawili kati ya matatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya damu vinavyoonesha homoni za kiume zimezidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Wewe kwa maelezo yako unayo yote matatu, na kwa mtu mzima mwenye mawili ya kwanza picha hata haikuwa ya lazima. Lakini vigezo hivyo vina sharti ambalo nimeliona likirukwa mara nyingi katika miaka yangu ya kazi, nalo ni kwamba lazima kwanza uondoe magonjwa mengine yanayofanana na hali hii. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango huvuruga hedhi. Prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, ikipanda huweza kuizuia kabisa. Ipo pia hitilafu ya kurithi ya tezi za juu ya figo inayoleta chunusi na ndevu zile zile, na hiyo hugunduliwa kwa kipimo cha damu cha homoni iitwayo 17-hidroksiprojesteroni. Je, ulipimwa hivyo vitatu?

Na la pili, ambalo hakuna aliyeligusa hadi sasa: mumeo amepimwa?

#5 Subira Njema

Ahsante dada Mkunga. Tezi na prolaktini nilipimwa na majibu ni ya kawaida. Hicho cha tatu sikuwahi kukisikia, nitakiulizia. Mume wangu hajapimwa, kwa sababu ana mtoto kabla hajanioa, na madaktari wote wawili walipolisikia hilo hawakuendelea kuuliza.

#6 Baba Mtarajiwa

Naomba nizungumze kama mwanamume, kwa kuwa hapa ndipo tunapowaumiza wake zetu bila kukusudia. Mke wangu ana PCOS. Kila mtu, nikiwemo mimi, alilichukulia jina hilo kuwa jibu la kila kitu, akameza dawa mzunguko baada ya mzunguko, yai likitoka, mimba isiingie. Daktari aliyekuja baadaye aliomba kipimo cha mbegu zangu katika mazungumzo ya kwanza kabisa, na majibu yakaonesha ni chache na zinaogelea kwa uvivu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni milioni 16 kwa kila mililita, na mimi nilikuwa chini ya hapo. Kuwa na mtoto wa zamani, kaka zangu, hakuthibitishi chochote kuhusu leo, kwa maana homa kali, sigara, joto la muda mrefu kwenye sehemu za siri, mishipa iliyovimba kwenye korodani, na hasa sindano au jeli za testosteroni za kujenga mwili, vyote huweza kushusha mbegu za mtu aliyekuwa mzima. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo hata ukirekebisha mwenendo leo, usitarajie kuona tofauti kabla ya takriban miezi mitatu. Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko kipimo chochote ambacho mke wangu alifanyiwa.

#7 Upepo wa Kusi

Mada inakwenda vizuri, lakini kila anayeandika anafikiria PCOS ya mtu mnene. Mimi ni mwembamba tangu utoto. Hedhi yangu ilikuwa inakuja inapotaka, na kila nilipoingia chumba cha daktari nilitazamwa juu hadi chini, kisha nikaambiwa kwamba sifanani na watu wa PCOS. Nikiambiwa nipunguze uzito, nipunguze kipi?

Ndiyo maana sikubali kwamba kila kitu kinaanzia kwenye insulini. Kuna wataalamu wanaoanza na ubongo: homoni ya LH, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, kwa wengi wetu hutolewa kwa mapigo ya haraka kupita kawaida, na LH hiyo nayo huichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Wengine wanaanza na AMH, homoni inayotolewa na vifuko vyenyewe, ambayo kwetu huwa juu sana na huvizuia vifuko visiitikie amri ya kukua. Wengine wanatazama urithi, maana hali hii hutembea kwenye familia. Mama yangu na shangazi yangu wote walisumbuliwa na hedhi, ingawa enzi zao hakuna aliyewapa jina la ugonjwa.

#8 Mwana wa Nuru

Upepo wa Kusi, hata wembamba wengine wana ukinzani wa insulini, umbo la nje halitoshi kuukana. Na nimrudie Kitabu Wazi kuhusu utafiti wake: ndani ya utafiti huo huo, walioshika mimba wenyewe bila kusaidiwa na matibabu walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopunguza uzito kwanza, asilimia 26.1 dhidi ya 16.2. Kwa mtu anayeogopa dawa, au asiyeweza kuzifikia kirahisi, hiyo si habari ndogo, na uliiacha.

#9 Kitabu Wazi

Ni kweli, takwimu hiyo imo na ni vizuri umeileta. Bado msimamo wangu ni kwamba kinachohesabiwa mwishoni ni mtoto aliyezaliwa, na kwa hesabu hiyo waliosubiri hawakutangulia.

#10 Mwanamaabara

Naacha mjadala wa uzito kwa wenyewe. Mimi nafanya kazi ya maabara na nataka kumjibu Subira Njema kuhusu vijiti, kwa sababu naona watu wanateseka bure.

Vijiti hivyo havipimi yai. Vinapima LH kwenye mkojo, vikitegemea kwamba kwa kawaida LH huwa chini na hupanda ghafla saa 24 hadi 36 kabla yai halijatoka. Sasa rejeeni alichoandika Upepo wa Kusi katika bandiko la 7: kama LH yako iko juu siku zote, kijiti kitaonesha mstari uliokoza siku zote, na huwezi kujua ni upi wa kweli. Wapo wenye PCOS ambao vijiti vinawafaa, lakini anayeona mistari miwili karibu kila siku asiviamini. Kinachothibitisha kwamba yai limetoka ni projesteroni kwenye damu, inayotolewa na kile kibaki cha kifuko baada ya kupasuka. Hapo napo pana mtego mwingine. Watu huletwa kwetu na karatasi iliyoandikwa "projesteroni siku ya 21", na siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Kipimo kinatakiwa kufanyika takriban siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 40 akipimwa siku ya 21 ataambiwa yai halikutoka, kumbe bado halijafika zamu yake. Mtu huyo anatakiwa arudie kipimo kila wiki hadi hedhi ije.

Asiyetaka kuchomwa sindano anaweza kupima joto la mwili kila asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani, kwa kipimajoto chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Yai likishatoka joto hupanda kwa kiasi cha nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi na kubaki juu. Hilo hukujulisha baada ya tukio, si kabla, lakini ukikusanya kwa miezi kadhaa unaanza kuuona mwenendo wa mwili wako.

Tahadhari moja zaidi: wengi mnaonyonyoka nywele mnameza vidonge vya biotini. Biotini ya dozi kubwa huweza kupotosha baadhi ya vipimo vya homoni, hasa vya tezi ya shingo. Mwambieni anayewatoa damu, na muulize ni siku ngapi mnatakiwa kuiacha kabla ya kupima.

#11 Zawadi ya Asubuhi

Mwanamaabara, bandiko lako nimelihifadhi. Naomba kuuliza kuhusu metformini na kirutubisho cha inositoli. Kwenye kila kundi la wenye PCOS naambiwa nianze na hizo kwa kuwa ni za asili na hazina madhara.

#12 Kitabu Wazi

Zawadi, metformini si ya asili kwa maana unayoifikiria, ingawa historia yake inaanzia kwenye mmea. Ni dawa ya kisukari inayotengenezwa kiwandani, na ina madhara yake, kuanzia tumbo kuvurugika mwanzoni hadi kupungua kwa vitamini B12 kwa anayeitumia miaka mingi. Inasaidia ukinzani wa insulini, hilo halina ubishi. Lakini kama dawa ya kupata mtoto peke yake, soma matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2007 uliohusisha wanawake 626 wenye PCOS: waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 7.2 kwa waliotumia metformini peke yake, asilimia 22.5 kwa klomifeni, dawa ya zamani ya kupevusha yai, na asilimia 26.8 kwa waliochanganya zote mbili, ingawa tofauti kati ya klomifeni peke yake na mchanganyiko haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Kisha mwaka 2014 ukatoka utafiti mwingine, wanawake 750, hadi mizunguko mitano ya dawa, ukilinganisha letrozoli na klomifeni: asilimia 27.5 walijifungua mtoto hai kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa leo inaitaja letrozoli kwanza, na ndiyo sababu namuunga mkono daktari wa pili wa mleta uzi.

Kuhusu inositoli, ushahidi uliopo ni dhaifu. Madhara yake ni machache, kwa hiyo simkatazi mtu, ila isimfanye aache matibabu yaliyothibitika.

#13 Mwana wa Nuru

Kitabu Wazi, siku utakayoandika bandiko lisilo na asilimia ndani yake tutajua kwamba mtu mwingine ameiba akaunti yako. Lakini kwa heshima kaka, katika hizo hizo asilimia 27.5, zaidi ya watu saba kati ya kumi waliopewa letrozoli hawakuondoka na mtoto. Hao ndio ninaowafikiria ninapozungumzia insulini. Metformini ilinisaidia mimi wakati kila kitu kingine kilikuwa kimekwama, na hakuna atakayenishawishi kwamba mwili wangu haukuitikia.

#14 Tulia Moyo

Samahani kwa kuingilia. Niliandikiwa letrozoli, nikasoma karatasi iliyo ndani ya kiboksi, nikakuta imeandikwa ni dawa ya saratani ya matiti na kwamba mjamzito asiitumie. Nilikifunga kiboksi nikakirudisha kabatini, na hadi leo kimo humo. Je, kuna mtu aliyeitumia akazaa mtoto mzima?

#15 Mkunga Mstaafu

Tulia Moyo, hofu yako ina msingi na daktari wako alipaswa kukueleza kabla hujafika kwenye karatasi hiyo. Letrozoli ilisajiliwa kwa ajili ya saratani ya matiti inayolishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni, kwa sababu kazi yake ni kuzuia estrojeni isitengenezwe. Estrojeni inaposhuka kwa siku chache mwanzoni mwa mzunguko, ubongo hudhani ovari zimelala, huongeza FSH, ambayo ndiyo homoni ya kukuza vifuko, na kifuko kimoja hupata nguvu ya kukua hadi mwisho. Ndiyo maana humezwa kwa siku tano tu, kwa kawaida kuanzia siku ya tatu ya hedhi, miligramu 2.5 kwa siku, na daktari anaweza kupandisha hadi 7.5 kama yai halikuitikia. Nusu ya dawa huondoka mwilini kwa takriban siku mbili, hivyo kufikia wakati wa mimba kujipandikiza kilichobaki ni kidogo mno. Onyo la mjamzito ni la kweli kabisa, na ndiyo maana kipimo cha mimba hufanywa kabla ya kila mzunguko wa dawa. Tafiti zilizofuatilia watoto waliozaliwa hazijaonesha kwamba kasoro ni nyingi kuliko kwa waliotumia klomifeni. Nimewapokea watoto wa letrozoli kwa mikono yangu, nikawafunga nguo na kuwakabidhi kwa mama zao, wazima.

Klomifeni nayo si dawa mbaya na ina miaka mingi kuliko letrozoli, ila hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa baadhi ya wanawake huufanya ukuta wa mji wa mimba kuwa mwembamba, na uwezekano wa mapacha unakuwepo. Yoyote kati ya hizo mbili isinunuliwe na kumezwa kienyeji bila mtu wa kutazama ovari kwa ultrasaundi, angalau katika mzunguko wa kwanza.

Na wote mnaokaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, hata msiotafuta mtoto kwa sasa, msifurahie mapumziko hayo. Ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa kwa estrojeni bila projesteroni ya kuuangusha, na miaka ikipita hali hiyo huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba. Kuna vidonge vya projesteroni vya siku chache vya kuileta hedhi, ombeni.

#16 Upepo wa Kusi

Kabla ya vidonge vyote hivi kulikuwa na kisu. Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago walioielezea hali hii mwaka 1935 kwa wanawake saba, walikata kipande cha ovari, na hedhi ikarudi. Shangazi yangu niliyemtaja alifanyiwa operesheni ya aina hiyo akapata watoto, lakini wengi wa zama hizo waliachiwa makovu yaliyogandisha mirija. Siku hizi ipo njia ya kutoboa ovari vitundu vidogo kwa kamera kupitia kitovu, ambayo hutumika dawa zinaposhindwa. Mpaka leo hakuna anayenieleza kwa uhakika kwa nini kuiumiza ovari kidogo kunaifanya itoe yai; wapo wanaosema ni kwa kuwa tishu inayotengeneza homoni za kiume imepungua. Kama ni hivyo, basi insulini si mwanzo wa kila kitu, Mwana wa Nuru.

#17 Ngoja Kidogo

Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Mimi nilipita kwenye vidonge, nikapita kwenye sindano za kukuza mayai, na hatimaye IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili, na ninachotaka kuwaachia wenzangu ni tahadhari. Ovari zetu zina vifuko vingi, kwa hiyo sindano ikizidi huitikia vyote kwa pamoja. Mimi nilivimba tumbo hadi nikashindwa kufunga sketi, nikahema kwa shida, nikalazwa. Nilikuwa nimewaambia kwenye kituo nilichotibiwa kwamba nina PCOS, na kipimo cha sindano hakikubadilishwa. Ulizeni mapema: nitaanzishwa dozi ndogo? Mtatumia sindano ya kukomaza mayai isiyochochea uvimbe? Mnaweza kuvigandisha viinitete vyote na kuvirudisha mwezi mwingine? Utafiti wa China wa mwaka 2016 kwa wanawake 1,508 wenye PCOS ulionesha kwamba waliogandisha kwanza walipata uvimbe huo kwa asilimia 1.3 tu, na waliorudishiwa viinitete vibichi kwa asilimia 7.1, na waliojifungua walikuwa wengi zaidi katika kundi la waliogandisha.

Kwa upande mwingine, wingi huo wa vifuko ni akiba. Katika chumba cha kusubiri nilikaa na wanawake wenye umri wangu waliopata yai moja au wakakosa kabisa.

#18 Subira Njema

Wadau, nimerudi na taarifa. Mume wangu alisoma bandiko la Baba Mtarajiwa kwa sauti hadi mwisho, akanyamaza, kesho yake akaenda kupima. Mbegu ni za kutosha ila mwendo wake uko chini kidogo ya kiwango, naye ameacha sigara. Kipimo cha tatu alichokitaja dada Mkunga kimerudi salama. Daktari wa pili ametaka picha ya mirija kwa dawa kabla ya letrozoli, na mirija yote miwili imepitisha. Kuhusu uzito, nimeanza kutembea na kupunguza wanga, lakini sitasubiri sehemu ya kumi ikamilike. Daktari wa kwanza nilipomweleza alikunja uso na kusema mimba ya mtu mzito ina hatari zake. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu naona naye ana ukweli.

#19 Mkunga Mstaafu

Ana ukweli, na usimkasirikie. PCOS yenyewe, hata bila uzito, huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, shinikizo la damu la mimba na kujifungua kabla ya wakati, na uzito huongeza juu yake. Kwa hiyo omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 tangu sasa, na kirudiwe mimba ikifika wiki ya 24 hadi 28. Anza foliki asidi leo, maikrogramu 400 kwa siku, na muulize daktari kama wewe unastahili dozi kubwa zaidi.

Na tafadhali nitajie kila dawa unayotumia ngozini na kinywani kwa ajili ya chunusi na nywele za kidevuni. Spironolaktoni iachwe kabla ya kutafuta mimba, kwa kuwa huweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Isotretinoini, kidonge cha chunusi kali, ni hatari kubwa zaidi. Hata sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo nasikia wengi wenye PCOS wanazitumia, zinatakiwa kusimamishwa mapema. Semaglutaidi, kwa mfano, angalau miezi miwili kabla.

#20 Subira Njema

Situmii yoyote kati ya hizo, ila rafiki yangu anatumia spironolaktoni na anatafuta mtoto. Namtumia uzi huu sasa hivi.

#21 Mwana wa Nuru

Nakuombea kila la heri dada yangu. Bado naamini kutembea kwako kutafanya kazi kubwa kuliko kidonge, na Kitabu Wazi bado anaamini kinyume. Ukipata mtoto kila mmoja wetu atadai ushindi, nawe utabaki na mtoto, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

#22 Mwanamaabara

Subira Njema, kabla hujaanza: letrozoli ikifanya kazi, yai mara nyingi hutoka siku chache baada ya kumaliza vidonge, lakini kwa wengine huchelewa zaidi. Kwa hiyo usikubali tena karatasi ya siku ya 21 iliyoandikwa kwa mazoea. Waombe wakuhesabie siku saba kuanzia siku ambayo ultrasaundi imeonesha kifuko kimepasuka, ndipo uje kutoa damu, na uandike kwenye fomu ni siku ya ngapi ya mzunguko ili anayesoma majibu asikosee.

#23 Tulia Moyo

Nami nimekitoa kiboksi kabatini. Tarehe ya mwisho ya dawa imepita, kwa hiyo wiki ijayo narudi kwa daktari kuomba nyingine, na safari hii nitamtaka anieleze kabla sijaondoka kwenye kiti.